Ukimwambia mtu "usipaniki" umemtaja mungu wa Kigiriki: uzi wa majina ya hekaya yaliyojificha kwenye sayansi na midomoni mwetu

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mimi ni mwalimu wa kemia na baiolojia, sekondari, Mbeya. Juzi usiku gesi ilituishia maharage yakiwa nusu yameiva. Nikaanza kuhangaika, mke wangu akaniambia, "Usipaniki, mkaa upo." Nilisimama pale na kiberiti mkononi nikitafakari sentensi ile. Kupaniki, gesi, mkaa: hekaya mbili za Wagiriki na jaribio moja la kemia, vyote jikoni kwangu.

Nianze na kupaniki. Pan alikuwa mungu wa wachungaji wa Arcadia, nchi ya milima kusini mwa Ugiriki. Kiunoni kwenda juu ni mtu, kwenda chini ni mbuzi, ana pembe na kwato, anapuliza filimbi ya matete. Wachungaji waliamini kwamba adhuhuri analala, na ukimkurupusha hutoa ukelele unaolitimua kundi zima. Aliyewahi kuchunga mbuzi anaijua hali hiyo. Wametulia wanakula, ghafla mmoja anainua kichwa, wote wanatimka, na ukitazama nyuma yao hakuna fisi wala mbwa. Hofu ya namna hiyo, isiyo na sababu inayoonekana na inayoambukizana, Wagiriki waliiita ya Pan. Waingereza wakaichukua, sisi tukaipata kwao na kuipachika viambishi vyetu: kapaniki, wamepaniki, unanipanikisha. Taharuki tunayo, na ni neno zuri mno, ila mtaani limeshinda la Pan.

Gesi nayo. Katika karne ya 17 kulikuwa na tabibu wa Flanders aitwaye Jan Baptist van Helmont. Alichoma ratili 62 za mkaa wa mwaloni, kisha akapima majivu akakuta ratili 1. Zile 61 zimekwenda wapi? Zimegeuka kitu kisichoonekana. Kitu hicho hakikuwa na jina, akakiita gas, na mwenyewe akaeleza kwamba jina halikuwa mbali na Khaos ya watu wa kale. Kwa Wagiriki, Khaos ndiyo iliyotangulia ardhi, mbingu na miungu yote: uwazi mtupu, mwanya usio na umbo. Lugha yake hutamka g karibu na kh yetu ya "kheri", kwa hiyo maneno hayo mawili yalikaribiana sana kinywani mwake. Kitabu chake kilitoka 1648, miaka 4 baada ya kufa kwake. Leo unabeba mtungi begani kwenda kujaza Khaos.

Sikuleta haya kwa kujionyesha. Kuna mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza maana ya tantali kwenye jedwali la elementi, nikamjibu, "Ni jina tu, kariri." Jibu lile limenikaa kooni hadi leo, kwa sababu si kweli. Aliyelitoa jina lile alikuwa amekiangalia kitu chake kwa makini, akatafuta kisa kinachofanana nacho. Jina ni maelezo mafupi ya tabia. Sisi walimu tunawapa watoto ganda, kiini tunakiacha.

Tantali nitaileta jioni. Aliye na jina lake alilete.

#2 Mchangiaji, Mwanza

Nimeweka kiti. Ila swali langu, mkuu, kwa nia njema kabisa: ngano za wapagani zitamsaidia nini mtoto anayetafuta daraja la kwanza?

#3 Mleta uzi

Mkuu wa Mwanza, nitakujibu kwa hiyohiyo tantali, utapima mwenyewe.

Tantalus alikuwa mfalme, mwana wa Zeus mkuu wa miungu, mwanadamu aliyepewa heshima ya kula meza moja na miungu. Akataka kuijaribu kama kweli inajua kila kitu. Akamchinja mwanawe Pelops, akampika, akawaandalia. Miungu ikajua. Pelops wakamrudishia uhai, baba yake wakamtupa kuzimu. Kule amesimamishwa ziwani, maji yanamgusa kidevu, na kiu inamuua. Akiinama anywe, maji yanadidimia mpaka anaona udongo mkavu miguuni. Juu yake yananing'inia makomamanga, tini na matufaha. Akinyoosha mkono, upepo unayapeperusha. Amezungukwa na kila kitu na hakuna kinachomwingia.

Mwaka 1802 mwanakemia wa Sweden, Anders Gustaf Ekeberg, alikuwa na oksidi ya metali mpya mezani, yaani metali hiyo ikiwa imeungana na oksijeni. Akaitumbukiza kwenye asidi. Akaongeza asidi. Haikuyeyuka, haikuchukua chochote, ilikaa tu katikati ya asidi kama ilivyoingia. Akaiita tantali.

Sasa mwambie mwanafunzi kisa hicho dakika tatu, halafu umuulize kwenye mtihani: je, tantali humenyuka kwa urahisi na asidi? Hawezi kukosa. Na akiwa daktari ataelewa kwa nini metali hiyo huwekwa mwilini kwenye mifupa iliyovunjika: majimaji ya mwili hayaili.

Kisa hakijaisha. Mwaka mmoja kabla, 1801, Charles Hatchett wa London alipima jiwe lililotoka Marekani, akaona humo metali mpya, akaiita kolumbi, kwa jina Columbia, ambalo washairi waliiitia Marekani. Mwaka 1809 mwanakemia mkubwa wa wakati huo, William Hyde Wollaston, akatangaza kwamba kolumbi na tantali ni kitu kimoja. Alikosea, na kosa lake likadumu miaka 35. Metali hizi mbili hukaa kwenye jiwe moja na zinafanana tabia kiasi kwamba kuzitenganisha kulikuwa kazi ya jasho. Aliyekuja kuonyesha kwamba ni mbili ni Heinrich Rose, Berlin, 1844. Ile ya pili aliipa jina gani? Niobi, kwa jina la Niobe, binti wa Tantalus.

Niobe alizaa wana 7 na mabinti 7, akajisifu mbele za watu kwamba amempita mungu Leto, mwenye wawili tu. Wawili hao walikuwa Apollo na Artemis. Walishuka na mishale, hawakumbakizia hata mmoja. Alilia mpaka akageuka jiwe, na jiwe likaendelea kutoa machozi. Mwamba wenye umbo la mwanamke aliyeinamisha kichwa upo hadi leo pale Manisa, Uturuki, na watu huwaonyesha wageni kwamba ndiye.

Fungua jedwali la elementi. Namba 41 niobi, namba 73 tantali, safu moja, binti juu ya baba. Wanakemia wa dunia walikubaliana jina niobi mwaka 1949, baada ya miaka zaidi ya 100 ya Wamarekani kushikilia kolumbi. Mimi nafurahi niobi ilishinda. Kolumbi ilisema jiwe limetoka wapi; niobi inakwambia limekaa na nani.

#4 Mchangiaji, Goma

Jambo mwalimu. Miye niko Goma. Hilo jiwe unalosema, baba na binti pamoja, ndilo koltani yetu?

Nimeshafika Rubaya, kule Masisi. Watu wanachimba kwa sururu na beleshi, vijana wanaingia kwenye mashimo na tochi kichwani, wengine wako chini mtoni wanaosha mchanga mpaka ule mweusi mzito ubaki. Unatiwa kwenye magunia, unaenda. Usiku pale mlimani giza tupu, na simu za dunia nzima zina kipande cha mlima ule. Sikuwahi kusikia habari ya huyo mzee wa kwenye maji. Sasa nimemjua, na nimemjua kwa sura.

#5 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Goma, ndilo hilohilo. Koltani ni maneno mawili yaliyokatwa na kuunganishwa: kolumbaiti, jiwe lenye niobi nyingi, na tantalaiti, lenye tantali nyingi. Kwa hiyo mchimbaji wa Rubaya akisema "koltani" ameshalitaja jina la Tantalus nusu, na lile jina la zamani la binti yake nusu.

Kwenye simu kazi yake ni kapasita, kile kijidude kidogo kuliko punje ya mchele kinachotunza umeme na kuuachia kwa kipimo. Tantali inajitengenezea juu yake ngozi nyembamba sana ya oksidi isiyopitisha umeme, ndiyo sababu kapasita yake inaweza kuwa ndogo na bado ikabeba chaji ya kutosha. Ni ile ngozi ngumu ya kukataa asidi iliyomshangaza Ekeberg.

Maneno yako ya mwisho nimeyasoma mara tatu. Sina cha kuongeza juu yake.

Nisisahau ya nyumbani: hapa nje ya Mbeya kuna kilima kiitwacho Panda Hill chenye akiba ya niobi, na Kwale, Kenya, kuna Mrima Hill yenye niobi pia. Wanafunzi wangu hupita barabara ya kwenda Tunduma bila kujua kwamba binti wa Tantalus amelala pale.

#6 Mchangiaji, Morogoro

Mwalimu, na ile fimbo yenye nyoka kwenye ambulensi na maduka ya dawa? Hapa mtaani tumeambiwa ni alama ya Freemason, kuna watu hawanunui dawa kwenye duka lenye nyoka.

#7 Mleta uzi

Hili linaniuma, maana mtu anaacha dawa kwa sababu ya mchoro.

Fimbo yenye nyoka MMOJA ni ya Asclepius, mganga wa hekaya, mwana wa Apollo. Kwenye hekalu lake pale Epidaurus wagonjwa walilala usiku kucha wakisubiri ndoto ya uponyaji, na nyoka wasio na sumu waliachwa watambae sakafuni. Kwa nini nyoka? Kwa sababu hujivua gamba. Anatoka kwenye ngozi kuukuu akiwa mpya, na mgonjwa anatamani hilohilo. Shirika la Afya Duniani wameiweka fimbo hiyo kwenye bendera yao.

Bakuli lenye nyoka, lile la maduka ya dawa, ni la binti yake Hygieia. Wauguzi wakisema "haijini", yaani usafi, wanamtaja yeye. Binti mwingine ni Panacea, maana yake mponya-yote. Kiapo cha kale cha madaktari kinaanza kwa kuwataja Apollo, Asclepius, Hygieia na Panacea.

Ukiona nyoka WAWILI na mabawa juu, hiyo ni fimbo ya Hermes, mjumbe wa miungu na mlinzi wa wafanyabiashara. Haina habari na tiba. Iliingia huko hasa baada ya kikosi cha tiba cha jeshi la Marekani kuichukua mwaka 1902, na wengi wakaiga. Nyoka wa shaba wa Musa ni kisa kingine kabisa, tusivichanganye.

#8 Mchangiaji, Singida

Mimi ni muuguzi. Atropini je? Ni dawa tunayoishika sana huku msimu wa kilimo. Anakuja mtu kanywa au kavuta sumu ya wadudu, mate yanamtiririka, jasho, mboni za macho zimekuwa kama tundu la sindano, kifua kimejaa maji unasikia kinakoroma. Tunachoma atropini, tunarudia, tunasikiliza kifua, tunarudia tena mpaka kikauke. Jina lake limetoka huko huko?

#9 Mleta uzi

Dada, hilo ndilo jina zito kuliko yote niliyokuwa nayo.

Wagiriki walisema maisha ya kila mtu ni uzi mikononi mwa dada watatu. Clotho anausokota, Lachesis anaupima, Atropos anaukata. Jina Atropos maana yake asiyegeuzwa. Akishafungua mkasi hakuna wa kumsihi. Kuna mmea wa Ulaya wenye matunda meusi yanayong'aa, matamu na yenye sumu ya kuua. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, akauandika rasmi kwa jina la Atropa belladonna. Belladonna ni Kiitaliano, mwanamke mzuri, kwa kuwa wanawake walidondoshea maji yake machoni ili mboni zipanuke. Kemikali iliyotolewa kwenye mmea huo ndiyo atropini. Inapanua mboni na kukausha mate, kinyume kabisa na ile sumu ya wadudu, na ndiyo maana wewe unaitumia.

#10 Mchangiaji, Singida

Kwa hiyo usiku ule wote nikimchoma kijana mmoja atropini nilikuwa nimeshika mkasi wa Atropos, nauzuia usifunge. Asante mwalimu. Yule kijana alitoka wodini siku ya tano, anatembea.

#11 Mleta uzi

Mungu akubariki kwa kazi hiyo.

Niongeze mbili za hospitali. Mofini imetoka kwa Morpheus, mungu wa ndoto. Mjerumani Friedrich Sertürner aliitenga kutoka kwenye afyuni mwanzoni mwa karne ya 19, na usingizi iliouleta ukampa jina.

Ya pili ni eko. Mwaka jana mama yangu mzazi aliandikiwa kipimo cha eko ya moyo. Alilala ubavu, fundi akampaka mafuta ya baridi kifuani, akakigandamiza kile kifaa kati ya mbavu, na kwenye skrini tukaona vali zikifunguka na kufunga kama mdomo wa samaki. Mama akauliza eko ni nini. Nikamweleza kwamba kifaa kinapiga sauti tusiyoisikia, inagonga ukuta wa moyo, inarudi, nacho kinasikiliza kilichorudi. Akasema, "Si mwangwi huo?" Ndio huo. Echo alikuwa msichana wa msituni aliyemsemesha Hera, mke wa Zeus, maneno mengi ili asimfumanie mumewe. Hera akamwondolea usemi, akamwachia kurudia tu mwisho wa maneno ya wengine. Akampenda Narcissus, naye Narcissus akaipenda sura yake majini. Echo akakonda mpaka ikabaki sauti. Mama alinyamaza kidogo, akasema maskini mtoto wa watu.

#12 Mchangiaji, Nairobi

Sisi watu wa mpira tunajua mbili: kukatika Achilles, ile kano ya nyuma ya kisigino, na Ajax ya Amsterdam yenye uso wa shujaa kwenye nembo.

#13 Mleta uzi

Safi. Ajax alikuwa shujaa wa pili kwa nguvu kwenye vita vya Troy, baada ya Achilles. Na kisigino cha Achilles nina neno nacho: Homer, mshairi wa Kigiriki aliyeisimulia vita hiyo, hakitaji popote. Kisa cha mama yake kumchovya kwenye mto Styx akimshika kisigino kimekuja kuandikwa karne nyingi baadaye, na Mroma Statius. Hekaya nazo hukua.

Pia Trojan ya kwenye kompyuta, programu ya wizi inayojifanya kitu kizuri. Farasi yule wa mbao aliundwa na Wagiriki, wakajificha tumboni mwake. Watu wa Troy ndio waliopigwa, na wao ndio waliobebeshwa jina la programu ya wizi. Nawasikitikia.

Kwa wenzangu wa baiolojia: Hydra wa kwenye kitabu, yule mdudu wa maji baridi, ameitwa hivyo kwa kuwa ukimkata vipande, kila kipande kinakuwa Hydra mzima. Abraham Trembley alilionyesha hilo miaka ya 1740. Shujaa Heracles alikata kichwa cha Hydra wa hekaya, nyoka wa vichwa vingi, vikaota viwili. Ilibidi mpwa wake Iolaus aunguze shingo kwa moto. Medusa ni hatua ya yavuyavu anayeogelea, minyiriri ikining'inia kama zile nywele za nyoka za Medusa, mwanamke wa hekaya. Na Cyclops, kijidudu chenye jicho moja kama lile jitu la hekaya, ndiye abebaye mnyoo wa Guinea kwenye maji ya kunywa. Chuja maji kwa kitambaa safi, umemzuia. Uganda ilithibitishwa kuutokomeza mwaka 2009, Kenya mwaka 2018.

#14 Mchangiaji, Pemba

Mwalimu, nimesoma wote. Mimi ni mtu mzima, nimelima na nimevua. Naona mnasimulia vya wenzetu, ni vizuri, lakini nyota nasi tulizipa majina. Wazee walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Je, wenzetu hao Kilimia walikiitaje?

#15 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Swali lako limenipa raha kuliko yote ya uzi huu.

Walikiita Pleiades, mabinti saba wa Atlas, yule aliyebebeshwa mbingu mabegani. Baba yao ndiye aliyetoa jina kwa bahari ya Atlantiki, na kwa pingili ya kwanza ya shingo yako, ile inayobeba kichwa. (Atlasi ya kitambaa ni neno lingine, la Kiarabu, halimhusu.) Mwindaji Orion aliwafukuza, Zeus akawageuza nyota, na kweli ukitazama angani Orion huchomoza nyuma yao kila usiku.

Lakini jina letu, mzee, linasema kazi. Kilimia limetokana na kulima. Na Wagiriki, pamoja na hadithi yao ya mabinti, walikitumia vilevile ulivyokitumia wewe. Mshairi wao Hesiod, ambaye naye alikuwa mkulima, alimwandikia nduguye: mabinti wa Atlas wakichomoza anza kuvuna, wakizama anza kulima, siku 40 mchana na usiku hawaonekani, kisha hurudi, wakati wa kunoa mundu. Maneno hayo yana zaidi ya miaka 2,600. Yeye kwenye vilima vya Boeotia, wewe Pemba, mnaangalia kishada kilekile muanze shamba.

Mabinti ni saba lakini macho ya wengi huhesabu sita, na Wagiriki walikuwa na kisa cha yule wa saba aliyejificha kwa aibu. Mwezi wa Novemba, baada ya sala ya Isha, nitawatoa wanafunzi wa bweni uwanjani tutazame mashariki. Nitawauliza kwanza wamehesabu ngapi. Mzee, wewe ulikuwa ukiona ngapi?

#16 Mchangiaji, Pemba

Marahaba. Ujanani, saba. Sasa naona wingu dogo tu.